Usimtafute mwenye kipawa kwenye nafasi ya kwanza tu

Wazazi wengi wanaokuja ofisini kwangu huanza kwa kufungua ripoti ya shule. "Huyu anakuwa wa kwanza kila muhula, naomba umpime kipawa." Nampima, na mara nyingi nakuta mtoto mwerevu, msikivu, mwenye bidii. Hilo ni la kushukuru. Ila watoto wenye vipawa vikubwa niliowahi kukutana nao, wengi walikuwa katikati ya darasa, wengine mkiani kabisa, na mwalimu ameandika "ana uwezo ila hajitumi" au "anaongea sana."

Chukua kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, shule ya Magamba, kule Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa finyu. Mpemba akaogopa kuikosa, akayaingiza yakiwa bado ya moto, na yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa.

Wengi tungeishia hapo. Yeye alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu, na tangu siku hiyo akikosea darasani akawa anataniwa: hesabu ya Mpemba hiyo! Akaingia maabara ya bayolojia akajaribu mwenyewe kwa maji. Kisha Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, akaja kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akainuka na swali lake lilelile huku wenzake wakicheka. Osborne akalijaribisha jambo hilo, na mwaka 1969 makala ya wawili hao ikachapishwa. Wanafizikia bado wanalibishania.

Ukiniuliza dalili za kipawa, nitakutajia kwanza hizo mbili: kuona kitu ambacho wote wamekipita, na kutokubali jibu lisilojibu. Darasani kwetu zote mbili huitwa ujuaji.

Ndiyo maana mimi huomba madaftari, tena naanzia kurasa za nyuma. Huko ndiko mtoto anakochora mashine zake, anakotunga herufi za siri, anakofanya hesabu kwa njia ambayo hajafundishwa na mtu. Jibu sahihi lililopewa kosa kwa kuwa "hajaonyesha njia" hunivutia kuliko ukurasa mzima wa vema. Namwambia anieleze alivyopata, kisha nanyamaza.

Tahadhari moja: si kila anayechoshwa na shule ana kipawa. Wengine hawaoni ubaoni, wengine hawasikii vizuri, wengine hawajala tangu jana. Macho na masikio yaangaliwe kwanza.

Vipimo navyo vina kazi yake. Katika vipimo vya akili vya Wechsler wastani ni 100, na wataalamu wengi huhesabu kipawa kuanzia 130, ambako hufika watu kama wawili hivi katika mia. Lakini alama hufuata kilichopimwa. Mwanasaikolojia Robert Serpell aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi ya kuiga maumbo. Kwa penseli na karatasi, Waingereza waliwazidi wenzao. Kwa waya, Wazambia, waliozoea kujitengenezea magari ya waya, wakawa mbele. Kwa udongo wakalingana. Kule California, mwanasaikolojia Lewis Terman alipokuwa akiwakusanya watoto wenye akili nyingi kuanzia 1921, mvulana mmoja, William Shockley, alipimwa akaachwa. Mwaka 1956 akapata Nobeli ya fizikia.

Shule zetu za vipaji maalumu, kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Kilakala, huchukua waliofanya vizuri zaidi darasa la saba. Sina ugomvi nazo. Ila mtihani ule haumwoni mtoto ambaye herufi zinamchezea machoni ilhali kichwani ameshafika mbali, na watoto hao wapo.

Watu wazima wenye vipawa hawaji kwa ajili yao wenyewe. Mama analeta mtoto, namuuliza kuhusu mtoto, katikati ya maswali anasita: "Mbona unanieleza mimi?" Huyu mara nyingi amejifunza kazi kwa wiki chache kisha ikamchosha. Kikaoni huona tatizo kabla ya wenzake, na amezoea kunyamaza asionekane ana kiburi. Mmoja anauza vitenge. Hukadiria mzigo wa mwezi ujao kwa kuunganisha misimu ya harusi, mavuno ya mikoani na nauli za malori, yote kichwani, na alishangaa nilipomwambia kuwa wenye maduka wengi hawafanyi hivyo.

Mtu mzima simkimbilii na vipimo. Kujua kwamba una 130 ukiwa na miaka arobaini hakubadilishi mengi. Tunachokaa kukizungumza ni kama kazi aliyonayo inampa nafasi ya kuuliza na kujaribu, na kama haimpi, atayapeleka wapi maswali yake: masomo ya jioni, biashara yake mwenyewe, au idara nyingine palepale kazini. Yule wa vitenge alichagua masomo ya uhasibu, na tayari anabishana na mwalimu.