Hukumu ya mahakama ya kijeshi Marekani ni kosa kubwa au dogo?

Sheria ya kijeshi ya Marekani, iliyopitishwa 1950, haigawi makosa kuwa makubwa na madogo kama sheria za kiraia zinavyofanya. Swali humkuta askari baadaye, akijaza fomu ya kazi au ya kununua bunduki. Jibu huanzia kwenye ngazi ya mahakama iliyomhukumu.

Adhabu anayopewa na kamanda wake bila kesi, kwa Kifungu cha 15, si hatia ya jinai. Mahakama ya chini kabisa, yenye ofisa mmoja na kifungo kisichozidi siku 30, nayo haihesabiwi. Tangu 2019 sheria inalitamka hilo waziwazi. Mahakama ya kati haiwezi kufunga mtu zaidi ya mwaka 1, kwa hiyo hukumu yake kwa kawaida huchukuliwa kama kosa dogo. Mahakama kuu ya kijeshi inaweza kutoa hata adhabu ya kifo, kwa hiyo hukumu yake inaweza kuchukuliwa kama kosa kubwa.

Wengi hukosea hapa kwa kutazama kifungo alichotumikia mtu. Sheria ya shirikisho ya silaha huuliza kosa lingeweza kuadhibiwa kwa zaidi ya mwaka 1 au la. Aliyepewa miezi 2 na mahakama kuu anaweza kupoteza haki ya kumiliki bunduki maisha yake yote. Kufukuzwa jeshi kwa fedheha ni kizuizi kingine, kinachojitegemea. Kufukuzwa kwa mwenendo mbaya sicho. Na hatia ya ukatili dhidi ya mke au mume humzuia mtu kumiliki bunduki hata kama hukumu ni ya mahakama ya kati.

Mwaka 2012 mwanajeshi wa anga alihukumiwa na mahakama kuu kwa kumpiga mkewe na mtoto wa kambo: miezi 12, kisha kufukuzwa kwa mwenendo mbaya. Hakufukuzwa kwa fedheha, lakini bado alikuwa amepigwa marufuku. Jeshi la Anga halikupeleka hukumu hiyo FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho, akanunua bunduki madukani, na Novemba 2017 akaua watu kanisani Sutherland Springs, Texas.

Majimbo nayo yana taratibu zao. Mengi hutafuta kosa la kiraia linalolingana, na utoro jeshini hauna mwenzake uraiani.

Kwa Waswahili walioko jeshini wakiwa na ukaazi wa kudumu tu, jambo la kuangalia zaidi ni uhamiaji: tangu uamuzi wa 2008 wa bodi ya rufaa za uhamiaji, hatia ya mahakama kuu ya kijeshi ni hatia kamili, na inaweza kumrudisha mtu kwao.