Mwani na maji machafu: ukishanasa uchafu, unapelekwa wapi?

Tangu habari za mwani unaosafisha bahari zianze kuzagaa kwenye makundi ya WhatsApp, watu wananiuliza: basi si tufunge kamba za mwani mbele ya mabomba ya majitaka ya Mji Mkongwe, tukae tusubiri? Kazi yangu ni kemia ya maji ya bahari, na jibu langu huwachosha wengi. Uchafu wa baharini si wa namna moja, na mwani haupambani nao wote kwa njia moja.

Upo uchafu ambao kwa mwani ni chakula. Mkojo, kinyesi, mabaki ya chakula cha samaki, mbolea iliyosombwa na mvua: vyote huishia kuwa amonia, naitreti na fosfeti. Mwani hauna mizizi ya kunyonyea, kile kinachoshika jiwe ni cha kushikia tu. Hula kwa mwili mzima, kwa hiyo aina nyembamba zilizotandaa, mfano ulva ya kijani, hunyonya haraka kuliko zile nene.

Hili limejaribiwa hapa hapa Unguja. Huko Makoba, mtafiti wa mwani Dk. Flower Msuya na wenzake walipanda mwani kwenye mifereji ya kutolea maji ya mabwawa ya samaki. Pampu haikuwepo, maji yalikwenda kwa kujaa na kupwa. Aina mbili, ulva na grasilaria, zilimea vizuri, zikapunguza amonia na kuongeza oksijeni majini. Spinosamu, ambayo akina mama wa pwani ya mashariki wanaitegemea tangu kilimo cha biashara kianze mwaka 1989, haikufua dafu kwenye maji yale. Yaani mwani wenye soko siyo wenye kusafisha, na ulva, yenye kusafisha, hapa kwetu nani anainunua?

Sasa tupige hesabu, ya juu juu tu. Mtu mmoja hutoa takriban kilo 4 hadi 5 za naitrojeni, ile iliyomo kwenye amonia na naitreti, kwa mwaka, nyingi zikiwa kwenye mkojo. Tuseme mwani mkavu una naitrojeni asilimia 1. Tani moja imebeba kilo 10, sawa na choo cha watu wawili. Zanzibar ikivuna tani 10,000 za mwani mkavu kwa mwaka, tumetoa baharini naitrojeni ya watu elfu ishirini na ushei. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 1.9 visiwani. Atakayeniambia mwani uchukue nafasi ya mtambo wa majitaka, namwachia kikokotoo. Kwenye bwawa la samaki mambo ni tofauti: maji ni machache, chanzo cha uchafu kinajulikana, na mlango wa kutokea ni mmoja.

Metali kama risasi, kadimi na shaba ni habari nyingine kabisa. Hapo mwani si lazima hata uwe hai. Mwani wa kahawia, kama sargasamu ile inayotupwa ufukweni, una alginati, aina ya utelezi mzito, kwenye kuta za seli zake, na alginati ina chaji hasi inayovuta metali, zenye chaji chanya. Wanakemia huifananisha na trei ya mayai: minyororo miwili inabanana, na kila kishimo katikati kimekaliwa na ioni (chembe yenye chaji) ya kalisi. Risasi ikipita, hung'ang'ania kishimo kuliko kalisi, ikaingia yenyewe na kalisi ikatoka. Ukikausha mwani huo, ukausaga na kuujaza kwenye bomba, unaweza kupitisha maji ya kiwandani humo, kisha ukausuuza kwa asidi hafifu na kuutumia tena. Fedha zangu ningeziweka hapo, mlangoni mwa kiwanda. Baharini kalisi na magnesi ni nyingi mno, nazo zinagombea vishimo vile vile.

Tena, kunasa siyo kuondoa. Mwani ukifa majini huoza, amonia inarudi, na oksijeni inaliwa. Mwaka 2008 ulva ilifunika maji ya Qingdao, China, kabla ya mashindano ya mashua ya Olimpiki, na maelfu ya watu wakapelekwa kuizoa. Bahari ilikuwa na mbolea ya kutosha, mwani ukala, lakini kuvuna kulichelewa.

Ukiuvuna, ulipokulia ndipo panapoamua matumizi yake. Wa bwawa la samaki unaweza kuwa mboji. Uliokulia penye majitaka au maji ya viwandani usiingie kwenye sabuni, chakula wala lishe ya mifugo. Hata bila kiwanda jirani, kuna aina zinazolimbikiza aseniki, ambayo ni sumu: Uingereza iliwaonya walaji wa hijiki, mwani unaoliwa Japani, mwaka 2004. Na mwani ukishakauka, kwa macho hutofautishi wa mdomo wa mto Msimbazi, Dar es Salaam, penye uchafu, na wa kijiji cha Jambiani, Unguja. Kwa hiyo ninapoletewa andiko la mradi wa kusafisha ghuba kwa mwani, kwanza natafuta ukurasa unaosema magunia yatapelekwa wapi na nani atalipia gari. Mara nyingi ukurasa huo haumo.