Moshi Haina Moshi, na Arusha Hairushi Kitu

Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka Arusha kurudi Moshi kwa Kosta, siti ya nyuma, nimebanwa kati ya dirisha na kijana aliyekuwa na mgeni wake kutoka Mwanza. Tulipopita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, Mlima Kilimanjaro ukajitokeza nusu, kichwa kimefunikwa. Kijana akanyoosha kidole.

"Unaona ule weupe unaofuka pale juu? Ndio moshi wenyewe huo. Volkano. Mji umepata jina pale."

Mama wa siti ya mbele, kuku wawili wamefungwa miguuni pake, akageuka. "Usimdanganye mgeni, mwanangu. Ni moshi wa treni. Wajerumani walipoleta gari moshi, watu wakauona ule moshi, wakaita Moshi."

Konda alikuwa anahesabu chenji. Akatoa hukumu bila kuinua macho: "Wote mko sawa. Nauli jamani."

Nilinyamaza, maana ubishi wa kwenye Kosta hauna mshindi. Ila hawakuwa sawa, si kijana wala mama. Na kwa kuwa hadithi hizo mbili nimezisikia tangu nikiwa darasa la tatu, acha nizijibu hapa nikiwa nimekaa vizuri.

Dhana: jina la Moshi limetokana na moshi wa volkano

Kilimanjaro ni volkano kweli. Lakini Kibo, kilele chake kirefu, hakijalipuka kwa nguvu tangu kati ya miaka 150,000 na 200,000 iliyopita, kwa makadirio ya wanajiolojia, na wakati huo hapakuwa na mtu wa kuupa mji jina kwa Kiswahili. Kilichobaki ni mvuke na harufu ya salfa ndani ya kreta ya Reusch, huko juu kabisa kileleni. Anayefika pale huisikia puani. Aliye stendi ya Moshi haoni kitu.

Ule weupe ni mawingu. Hewa yenye unyevu hupanda mteremko, ikifika juu inapoa na kugeuka wingu. Ndiyo maana wenyeji wanaotaka kuuona mlima huamka alfajiri. Ukisubiri hadi saa nne, mara nyingi utakuta umeshajifunika shuka lake.

Dhana: basi ni moshi wa treni

Hii ina nguvu zaidi kwa sababu inaegemea kitu kilichotokea kweli. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Kichwa cha treni kilikuwa cha mvuke, na moshi kilitoa.

Tatizo ni kwamba jina lilikuwepo kabla ya reli. Harry Johnston, Mwingereza aliyetumwa kukusanya mimea na wanyama, alipiga kambi Moshi mwaka 1884 kwa ruhusa ya Mangi, yaani mtawala, Rindi, yule ambaye watu wa misafara ya pwani walimwita Mandara. Kabla yake, mwaka 1871, mmisionari Charles New alipita kwa mangi huyohuyo. Rindi alifariki mwaka 1891, na mwaka uliofuata mwanawe, Meli, aliwatwanga Wajerumani na kumuua kamanda wao von Bülow. Yote hayo yalitokea Moshi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyesikia honi ya treni pale.

Hiyo Moshi, sasa, si huu mji wenye mnara wa saa na stendi. Ni umangi uliokuwa mlimani, mmoja kati ya mingi iliyokuwa jirani na mara kwa mara ikipigana: Kibosho, Uru, Kilema, Marangu, Machame na mingine. Leo tunapaita Old Moshi. Lugha ya wenyeji wa kule huitwa Kimochi, kwa "ch", na mpaka leo kuna kata inayoitwa Kimochi. Sikio la Mswahili likisikia "Mochi", linakimbilia neno linalolijua. Karani wa Kijerumani naye akaandika Moschi, likakaa.

Haya niliyapata kwanza jikoni kwa bibi, si vitabuni. Nyumba yake iko juu huko, katikati ya kihamba, shamba la migomba la ukoo, na jiko lake ni la mafiga matatu na kuni zisizokauka vizuri. Nilikuwa mtoto, nimefumba macho yanachoma, nikamuuliza kama mji umeitwa hivyo kwa ajili ya moshi. Alikuwa anakoroga kitawa kwa mwiko mrefu. Akafuta chozi kwa ncha ya kanga.

"Moshi ni huu unaoniliza," akasema. "Kwetu ni Mochi."

Reli ilipofika, kituo kiliwekwa chini kwenye tambarare, kwa sababu treni haipandi migombani. Maduka yakafuata kituo, ofisi zikafuata maduka, na jina likateremka pamoja na watu. Wajerumani wakatofautisha Moshi mpya na Moshi ya zamani. Waingereza walipochukua nchi, ile ya juu ikabaki na jina la Kiingereza, na mpaka leo bibi wa miaka themanini asiyejua "good morning" anakwambia kwao ni Oldi Moshi.

Kuchanganya hizi Moshi mbili kuna gharama. Ukisoma kwamba Mangi Meli alinyongwa Moshi tarehe 2 Machi 1900, usiende kutafuta mti karibu na soko kuu. Alinyongwa kule juu, kwao, mbele ya watu wake. Mji wa chini ulikuwa bado pori.

Dhana: Kilimanjaro ni Kiswahili safi, maana yake "mlima unaong'aa"

Waongoza watalii wanaipenda hii, na siwalaumu. Ukiwa na Mzungu anayehema umbali wa kilomita tatu kutoka geti la Machame, huwezi kuanza kumpa semina ya lugha.

Kilima tunakijua. Ni kichekesho kidogo, maana mlima wa mita 5,895, mrefu kuliko yote Afrika, tumeuita kilima. Shughuli iko kwenye "njaro". Msafiri Mskoti Joseph Thomson aliandika mwaka 1885 kwamba huenda zamani neno hilo lilimaanisha weupe; wengine wakasema ni kung'aa, na kila mmoja akanakili kwa mwenzake. Muulize mzee wa Pangani leo kama njaro ni kung'aa, uone atakavyokutazama. Mmisionari Krapf, aliyeandika mwaka 1860, yaani mapema zaidi, alitoa maana mbili: mlima wa ukuu, au mlima wa misafara. Wapo pia wanaosema Njaro ni pepo wa baridi.

Upande wa Wachagga kuna maelezo mengine: "kileme" au "kilema", kinachoshinda, kinachomlemea mtu, na "kyaro", safari. Kile kinachoishinda safari. Inapendeza, na mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, aliyebeba kilo ishirini kichwani atakubali mara moja. Ila kuna jambo la kukumbuka: Wachagga wenyewe hawakuwa na jina la mlima mzima. Walikuwa na Kibo na walikuwa na Mawenzi, vilele vyake viwili. Ukiishi ubavuni mwa kitu kikubwa hivyo huhitaji kukiita kwa jina moja. Jina la pamoja humfaa anayekiona kwa mbali. Wamasai wanauita Oldoinyo Oibor, mlima mweupe. Wakamba nao waliuita mlima wa weupe.

Mimi naegemea kwenye safari. Sababu yangu ni hii: Rebmann, Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameiona theluji ya Kibo, tarehe 11 Mei 1848, alitokea Rabai, nyuma ya Mombasa. Yeye na Krapf waliishi kule katikati ya Wamijikenda, na kwa Kigiriama safari ni "charo". Mtoto aliyezaliwa njiani huitwa Charo hadi leo. Kyaro huku, charo kule, na Krapf anasikia "jaro" ya misafara. Hapo katikati ndipo watu wa misafara walipokuwa wakipita. Anayetaka kung'aa na ang'ae, lakini kwangu hoja ya njia ina miguu.

Mawenzi si mwezi, wala si mwenzi

Hii ni fupi. Watu husema Mawenzi ni mwenzi wa Kibo, au kwamba mwezi huchomoza nyuma yake. Kwa Kichagga jina ni Kimawenze, lenye maana ya kilichovunjika au kilichomegeka juu, na ukikitazama kwa kweli kimemegeka. Wazee wana kisa chake: Mawenzi alikuwa mvivu, moto wake ukizimika anakwenda kuomba kaa la moto kwa Kibo. Akaenda mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu Kibo akachoka, akachukua mchi akamtwanga nao kichwani. Ndiyo zile nyufa. Kibo nacho huelezwa kuwa ni kitu chenye madoadoa, theluji na mwamba mweusi.

Mitaa

Hapa nitapita haraka. Shanty Town ya Moshi, kwa Kiingereza, ni mtaa wa vibanda vya mabati. Nenda ukaangalie: majumba, mijakaranda, mbwa wanaokula kuliko wewe. Jina na hali vimeachana siku nyingi.

Unga Limited ya Arusha haihusiani na dawa za kulevya, hata kama vijana wa mjini wanacheka ukilitaja. Ni unga wa ugali. Palikuwa na kiwanda cha kusaga nafaka, kampuni ikaacha jina lake. Ngarenaro ni Kimasai, maji meusi. Ngarenanyuki, ng'ambo ya Mlima Meru, ni maji mekundu. Ukijua kwamba "engare" ni maji, nusu ya ramani ya Arusha inafunguka.

Dhana: Wameru wa Arusha walitoka Meru ya Kenya

Jina moja, watu wawili. Wameru wa Mlima Meru hujiita Varwa, na lugha yao, Kirwa, ni ndugu wa Kichagga, hasa cha Machame. Muweke Mmeru na Mmachame kilabuni, wape mbege, halafu uwasikilize. Mkalimani hatahitajika sana. Asili yao inaelekea Kilimanjaro, siyo Mlima Kenya.

Dhana: Arusha ni "a-rusha", anarusha

Nimeambiwa ni kurusha mikuki, nimeambiwa ni kurusha mawe, na fundi mmoja wa Mbauda aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba ni kurusha pesa, kwa sababu ya tanzanite. Tanzanite yenyewe imejulikana tangu mwaka 1967. Wajerumani walijenga boma lao Arusha mwanzoni mwa karne ya 20, lile ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na jina walilikuta.

Arusha ni jina la watu: Waarusha, au Ilarusa kwa Kimaa. Wanazungumza Kimaa na wana rika kama za Wamasai, lakini ni wakulima wa migomba na mahindi, ndiyo maana wakiitwa tu "Wamasai wa mjini" hukunja uso. Walihamia mteremko wa Meru kwenye miaka ya 1830. Walitoka wapi? Arusha. Arusha Chini, kusini mwa mji wa Moshi, kule kwenye joto na mashamba ya miwa ya TPC. Ramani za Kijerumani zilikuwa nazo zote mbili, Arusha Kubwa na Arusha Ndogo, na ile Ndogo ndiyo ya kwanza.

Kwa hiyo Arusha Chini haimo ndani ya Mkoa wa Arusha. Ipo Mkoa wa Kilimanjaro, Wilaya ya Moshi, na jambo hili limemtesa binamu yangu anayefanya kazi huko. Mwaka jana mama yake alimtumia gunia la ndizi kutoka Same, akaandika kwa kalamu kubwa: ARUSHA CHINI. Basi likapita Moshi bila kuteremsha mzigo. Siku ya tatu nikaombwa nipige simu ofisi ya mizigo ya basi hilo.

"Gunia lipo hapa Arusha, kaka," kijana akasema. "Limeanza kunuka. Mbona mwenyewe haji?"

"Mwenyewe yuko Arusha Chini."

"Si ndiyo hapa? Ateremke aje achukue."

"Hapana mdogo wangu. Arusha Chini iko Moshi."

Kimya. Nikasikia akimgeukia mwenzake, halafu akarudi kwenye simu.

"Kaka, Arusha iko Moshi tangu lini?"

"Tangu kabla hamjahamia huko."