Hasheem Thabeet na sekunde tatu

Kila likizo ya shule napata angalau kijana mmoja aliyewapita wenzake wote kwa urefu, na kila likizo mjomba au mzazi wake ananivuta pembeni na kuniuliza: "Kochi, huyu si atafika alikofika Hasheem?" Nafundisha mpira wa kikapu hapa Dar es Salaam kwa vijana wa chini ya miaka 18, na wachezaji warefu ndio kazi yangu hasa. Uwanjani huwa nalijibu swali hilo juu juu, kwa sababu jibu ni refu na vijana wanasubiri mpira. Leo nina nafasi.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar tarehe 16 Februari 1987. Alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15, akasoma Makongo, halafu akavuka kwenda Marekani, ambako sekondari aliimalizia Cypress Christian, Houston. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Tarehe 25 Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili kwenye drafti ya NBA, yaani siku timu za ligi kuu ya kulipwa ya Marekani zinapochagua chipukizi kwa zamu, nyuma ya Blake Griffin peke yake. Hesabu mwenyewe: kutoka siku anaanza kudunda mpira hadi siku anavaa kofia ya Grizzlies, ni miaka saba tu.

Baada yake alichaguliwa James Harden, wa tatu. Wa saba akawa Stephen Curry. Kwa ajili ya majina hayo mawili, yaliyokuja kuwa ya nyota wakubwa, Wamarekani wamemweka Hasheem kwenye orodha ya makosa makubwa ya drafti, na vijana wetu wameimeza hukumu hiyo mitandaoni bila kuitafuna. Inaniuma. Nimeangalia mechi zake za miaka ile mara nyingi, kipande kwa kipande, na ninachokiona ni mambo yanayoelezeka kabisa.

Tuanze na chuo. Msimu wa kwanza wastani wake ulikuwa pointi 6.2 na bloku, yaani mitupo aliyoizuia, 3.8 kwa mechi. Msimu wa tatu ukapanda hadi pointi 13.6, ribaundi (mipira anayoidaka mtupo ukikosa) 10.8 na bloku 4.2. Alitajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, na mwaka huo wa pili akagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Connecticut ikafika nusu fainali ya taifa kule Detroit, ikafungwa na Michigan State 82–73. Kijana aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15! Mtu asiniambie hapo palikuwa na urefu mtupu. Futi saba na inchi tatu, sawa, lakini warefu wapo wengi ambao hawajawahi kuzuia mitupo 417 katika misimu mitatu ya chuo.

Bloku wengi wanaiona kama kuruka. Jumamosi iliyopita nilikuwa na kijana wa miaka 16, karibu mita mbili. Kila mwenzake akija golini, yeye anaruka mapema, mkono unashuka kama anaua mbu, filimbi inalia. Nikamsimamisha. Nikamwambia, mwanangu, nyosha mikono juu, ibaki hapo hapo, miguu isiondoke chini mpaka mpira uondoke mkononi mwake. Tukarudia kama mara thelathini. Mara ya thelathini na kitu aliugusa mpira kwa ncha za vidole tu, ukadondoka kwa mwenzake. Hasheem wa Connecticut alikuwa na kitu hicho. Hakuhangaika kuupiga mpira kwenda kwa watazamaji. Alisimama karibu na goli, akasubiri, akanyoosha mkono.

Alisimama karibu na goli. Hapo ndipo penye shida yote.

Kanuni za vyuo vya Marekani zinamruhusu mlinzi kukaa chini ya kikapu muda wowote anaotaka. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tunazochezea sisi, nazo zinamruhusu. NBA haimruhusu. Tangu msimu wa 2001–02, mlinzi wa NBA asiyemlinda mtu kwa karibu, umbali wa mkono, hatakiwi kuzidisha sekunde tatu ndani ya lile eneo la mbele ya goli. Akizidisha, wapinzani wanapewa mtupo mmoja wa adhabu na mpira unabaki kwao. Na eneo lenyewe ni pana zaidi: chuoni enzi zile lilikuwa futi 12, NBA ni futi 16. Mstari wa pointi tatu chuoni msimu wa 2008–09 ulikuwa futi 20 na inchi 9. NBA, ukiwa mbele ya goli, ni futi 23 na inchi 9. Karibu mita moja zaidi ya kumkimbilia mtu, halafu urudi.

Sasa mchukue mtu aliyejenga mchezo wake wote kwa kusimama mlangoni kama askari wa geti, mwambie kila sekunde tatu atoke nje, arudi, atoke tena. Halafu mletee Steve Nash au Chris Paul, waongozaji mashambulizi hodari ambao Memphis ilikutana nao kwa kuwa wote walikuwa kanda moja ya NBA, ya Magharibi. Mwenzao mkubwa anakuja kuweka skrini, yaani kusimama njiani kama ukuta, mlinzi wa Nash anakwama, na Hasheem ana nusu sekunde ya kuamua: apande amkabili Nash, au arudi kumfuata yule mkubwa anayekimbilia goli? Uamuzi huo haufanywi na kichwa. Unafanywa na miguu iliyourudia maelfu ya mara, na miguu ya Hasheem ilikuwa na miaka saba tu. Anachelewa kidogo, anafidia kwa mkono, na hiyo ni faulo. Faulo mbili za haraka, benchi.

Dalili zilikuwepo tangu chuoni, siku yake ya kuzaliwa ya 22. Connecticut walikuwa namba moja nchini, Pittsburgh wakaja Hartford. Wakigombea ribaundi, mikono ya Hasheem na Blair ikanasana, na Blair, aliyekuwa mfupi kwake kwa zaidi ya nusu futi, akamwinamia na kumpitisha juu ya bega hadi chini. Picha hiyo imezunguka dunia nzima. Watu wanacheka. Mimi nawaonyesha vijana wangu viuno: cha Blair kiko chini, magoti yamekunjwa, miguu imepanuka, cha Hasheem kiko juu na miguu imekaribiana. Mtu akishakuingia chini ya kiuno, urefu wako unamsaidia yeye. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, Hasheem pointi 5 na ribaundi 4, Pittsburgh wakashinda 76–68.

Memphis alimkuta Marc Gasol mbele yake. Gasol alimzidi miaka miwili tu, lakini angalia alikotoka: alikulia kwenye kikapu, akacheza kulipwa Barcelona na Girona, akawa mchezaji bora wa ligi ya Hispania msimu wa 2007–08 kabla hajagusa NBA. Huyo alichaguliwa wa 48. Hakuna kocha ambaye angemweka Gasol benchi ili Hasheem ajifunze, nami nisingefanya hivyo. Kwa hiyo chaguo la pili akapata dakika 13 kwa mechi, pointi 3.1, na Februari 2010 akapelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi ya chini. Hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyekuwa amewahi kupelekwa huko. Magazeti yaliandika kama msiba.

Mimi nasema alipelekwa amechelewa, tena kwa muda mfupi mno. Kijana wa namna ile anahitaji msimu mzima wa dakika 30 kila usiku, mahali ambapo kukosea hakumgharimu mtu kazi. Badala yake akarudishwa Memphis kukaa benchi, na Februari 2011 akauzwa Houston, kisha Portland 2012, kisha akajiunga na Oklahoma City. Kila timu kocha mpya, lugha mpya ya ulinzi, dakika zile zile chache.

Mtu atanitajia Joel Embiid, Mkameruni aliyekuja kuwa nyota wa NBA. Ni haki kumtaja. Naye alianza kikapu utineja, kule Yaoundé, akachaguliwa wa tatu mwaka 2014. Lakini Embiid alikuja na miguu ya voliboli na soka, na alipoumia mguu Philadelphia walimsubiri misimu miwili mizima bila kumtupa. Kuchelewa kuanza peke yake hakumfungi mtu. Kunamfanya ahitaji zaidi kusubiriwa.

Ndiyo maana wajomba wakiniuliza kuhusu urefu, mimi nauliza kijana ameanza lini, amecheza mchezo gani mwingine utotoni, na anaweza kukaa chini kwa magoti yaliyokunjwa dakika ngapi. Yule wa Jumamosi alicheza mpira wa miguu mtaani mpaka darasa la saba, alikuwa beki. Jumamosi ijayo nachora mstari kwa chaki futi 16 kwa 16, namweka ndani yake, na nahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, toka.