Kinywe cha Ruangwa ni mtaji, si mapato

Mkulima wa Ruangwa, kusini mwa Tanzania, akishaokota korosho za msimu huu, mikorosho inabaki shambani na mwakani ataokota tena. Kinywe, yaani madini ya grafiti, kikishachimbwa hakirudi. Uchumi wote wa madini unaanzia kwenye tofauti hiyo, nayo ndiyo inayosahaulika haraka malori yanapoanza kupita. Fedha ya madini ni bei ya mali iliyouzwa, na anayeuza shamba akala fedha yote anajua kitakachowakuta watoto wake.

Mchumi John Hartwick aliiweka hoja hii katika kanuni mwaka 1977: faida ya rasilimali isiyojirudia ikiwekezwa yote kwenye mtaji mwingine wa kudumu, kizazi kinachofuata hakitaishi maisha duni kuliko kizazi kilichochimba. Botswana, iliyogundua almasi Orapa mwaka 1967, ilijiwekea utaratibu wa kupeleka mapato ya madini kwenye miundombinu, elimu na afya, na sehemu ikawekwa kwenye mfuko wa akiba. Kisiwa cha Nauru kilichimba fosfeti yake hadi karibu yote ikaisha, na mfuko wake wa akiba ukapotea kwa uwekezaji mbaya.

Sisi wa Kusini tuna vya kutosha vya kutufanya tuwe makini: kinywe Ruangwa na Nachingwea, jasi Kilwa, mawe ya chokaa yanayolisha kiwanda cha saruji Mtwara, na gesi ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974. Watu hugombana kuhusu nani anafaidi, mara nyingi bila kupiga hesabu. Tuipige.

Tuseme mgodi wa kinywe umeuza mzigo wa shilingi bilioni 50 kwa mwaka. Nimechagua namba hii kwa mfano tu. Mrabaha, yaani malipo ya mgodi kwa Serikali kwa madini yanayochimbwa, ni asilimia 3 kwa madini ya viwandani, yaani bilioni 1.5, na unakwenda Serikali Kuu. Ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ni milioni 500, nayo inakwenda huko huko. Ushuru wa huduma, ambao ndio wa halmashauri, hauzidi asilimia 0.3 ya mauzo. Kwa mzigo huo hauvuki milioni 150. Zaidi ya hayo, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, Serikali ina hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuzilipia katika migodi yenye leseni ya uchimbaji na leseni maalumu. Lakini hisa hulipa gawio pale tu kampuni inapopata faida, na mgodi mpya huchukua miaka kurudisha mtaji wake. Kwa hiyo diwani anayeahidi hospitali na lami kwa ushuru wa huduma wa mwaka wa kwanza anawaambia watu jambo ambalo hesabu hailibebi.

Bei nayo haina huruma. Betri ya gari la umeme hubeba kinywe kingi kuliko lithiamu, na hilo limeleta wawekezaji wengi huku. Lakini China ndiyo inayotawala usafishaji wa kinywe cha betri, na Desemba 2023 ilianza kudai vibali maalumu kwa anayekisafirisha nje. Kipo pia kinywe kinachotengenezwa viwandani ambacho hushindana na chetu. Bei ikianguka, mwamba uleule uliokuwa na thamani jana haulipi gharama za kuuchimba, na mgodi unafungwa huku madini yakiwa bado ardhini. Bajeti ya halmashauri isiwekwe juu ya bei ya mwaka mzuri.

Wazee wa Nachingwea wanalijua hili. Mpango wa Waingereza wa mashamba makubwa ya karanga, ulioanza mwaka 1947, ulituletea bandari ya Mtwara na reli hadi Nachingwea. Mpango ulikufa baada ya miaka michache, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Bandari ilibaki kwa sababu ilikuwa na kazi nyingine: korosho zilihitaji meli. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kwa kila barabara, kisima au njia ya umeme inayojengwa kwa ajili ya mgodi: je, itakuwa na kazi siku mgodi ukiondoka?

Kuna pia fidia ya mwenye shamba linalochukuliwa na mgodi. Mkorosho uliokomaa huzaa kwa miongo kadhaa, kwa hiyo fidia inayoishia kwenye pikipiki imebadilisha mali ya miaka mingi kwa chombo cha miaka michache. Familia inayonunua shamba jingine lenye mikorosho imefuata kanuni ya Hartwick bila kuisoma.

Kampuni yenye leseni inatakiwa na Sheria ya Madini kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kuukubaliana na halmashauri. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Mwombeni mtendaji auweke mpango huo kwenye ajenda. Ombeni pia maelezo ya mpango wa kufunga mgodi: dhamana ya kukarabati ardhi ni kiasi gani, bwawa la tope la mabaki ya mgodi litafunikwaje, na nani atapima maji ya visima vilivyo bondeni chini ya bwawa hilo baada ya kampuni kuondoka. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na nakala ibaki ofisi ya kijiji.