Neno "Dobro" kichwani si cheti cha kuzaliwa

Swali huja na picha moja, imepigwa kwa mbele chini ya taa ya sebuleni, na maneno yale yale: "Nina Dobro ya 1929, ina thamani gani?" Nikiikuza picha naona mwili wa chuma, matundu mawili ya umbo la f, kava lenye vitundu vilivyopangwa kama almasi, na kichwani, pale mwisho wa shingo, pameandikwa National. Hiyo si Dobro. Yote mawili ni majina ya kampuni za magitaa ya koni, yaani yenye koni nyembamba ya alumini chini ya kava inayokuza sauti ya nyuzi. Ni kama kuita kila dawa ya meno Kolgeti: nyumbani hakuna ubaya, lakini ukienda nayo hivyo kwa muuza magitaa ya zamani utapunjwa, au utamlipa mwenzio pesa ya kitu kingine kabisa.

Na hata pale neno Dobro lilipoandikwa kweli, bado hujajua kitu. Hapa ndipo ninapochoka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

John Dopyera, fundi aliyezaliwa Slovakia, ndiye aliyebuni gitaa la koni tatu lililouzwa na kampuni ya National mjini Los Angeles kuanzia 1927. Akagombana na wenzake, akaondoka, akaanzisha Dobro na ndugu zake. Jina ni mkato wa "Dopyera Brothers", na kwa lugha ya kwao lina maana ya "zuri". Kuanzia mwaka 1933 hivi kampuni ya Regal ya Chicago ikapewa leseni ya kutengeneza magitaa ya Dobro. National na Dobro wakarudiana katikati ya miaka ya 1930 na kuhamia Chicago mwaka 1936, na tangu 1937 Regal akawa ndiye mtengenezaji pekee wa Dobro. Vita vya Pili vya Dunia vikafunga kazi ya chuma. Mwaka 1966 jina likaibuka kwenye magitaa ya kampuni nyingine, Mosrite. Akina Dopyera walikuwa wameanza upya mwaka 1967 kwa jina la OMI, wakalirudisha jina la Dobro mwaka 1970, na mwaka 1993 Gibson akainunua kampuni yote. Hesabu mwenyewe: neno moja, viwanda vitano. Nembo kichwani inaweza kuwa ya 1930 au ya 1998.

National nao ni hivyo hivyo. Baada ya vita warithi wake waliitwa Valco, na hao walitoa vigitaa vidogo vya mbao vilivyofunikwa plastiki, kisha katika miaka ya 1960 vya faibaglasi vyenye majina kama Airline na Supro. Kampuni ya leo, National Reso-Phonic, ni ya 1989 na inafanya kazi nzuri sana, nzuri kiasi kwamba watu huniletea magitaa yake wakidhani ni ya babu. Jina la Regal siku hizi liko kwenye magitaa yanayotengenezwa Asia.

Kwa hiyo nembo iache mwishoni. Anza na koni.

Kufungua si kazi kubwa, ila kuna namna. Funga kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatisha shingo) ili nyuzi zisichomoke kwenye mashine za kukazia, zilegeze, kisha ng'oa kishikio cha nyuzi kule nyuma na ukitoe pamoja na nyuzi zake. Toa skrubu za kava. Kabla hujagusa kitu, weka alama ya penseli kwenye koni na kwenye ukingo wake ili irudi ilivyokuwa. Koni haijagundishwa, kinachoishikilia ni mgandamizo wa nyuzi tu, na alumini yake ni nyembamba. Ukiligeuza gitaa kifudifudi wakati huo koni itaanguka, na bonyeo likishaingia sauti haitarudi ilivyokuwa.

Sasa tazama. Ukiona koni moja ya inchi 9.5 iliyosimama kama bakuli lililofunikwa, na kileleni pana kipande cha mbao cha mviringo kama biskuti kinachobeba daraja, yaani pale nyuzi zinapolalia, hiyo ni kazi ya National. Koni tatu za inchi 6 zilizounganishwa na daraja la alumini la umbo la T ni National pia, na ndilo gitaa la bei. Ukikuta koni ya inchi 10.5 iliyokaa kama bakuli linalosubiri mchuzi, na juu yake buibui wa alumini mwenye miguu minane inayokanyaga ukingo, hapo umefika kwa akina Dobro na Regal. Buibui ana skrubu katikati inayomfunga kwenye koni. Iache. Mtoe buibui na koni pamoja.

Hilo ni jambo la dakika kumi na tano na linamaliza nusu ya ubishi wote. Halijibu kila kitu, maana wazalishaji wa leo wanatumia mifumo hiyo hiyo, lakini angalau tunaongelea familia sahihi.

Sumaku. Kila mtu ana sumaku, na kila mtu anaitumia vibaya. Duolian na Triolian za chuma, magitaa ya National ya koni moja, zinaivuta. Magitaa ya koni tatu ya kawaida, kuanzia Style 1 isiyo na michoro, Style 2 yenye waridi mwitu, hadi Style 4 yenye maua ya krisanthemu, hayaivuti, kwa sababu mwili wake ni aloi ya shaba, nikeli na zinki iitwayo "fedha ya Kijerumani". Haina fedha hata chembe, kwa hiyo anayekutajia bei "kwa sababu ni fedha" mwache aendelee na safari yake. Style O, nayo ya koni moja, nyingi ni za shaba ya njano iliyochovywa nikeli, nazo haziivuti. Halafu mtu anashika Style O ya 1930, sumaku inanata, anatangaza kwamba ni feki. Style O za mwanzo kabisa zilikuwa za chuma! Sumaku inakwambia mwili ni wa madini gani. Haikwambii kama ni halisi.

Namba. Kwenye National za zamani imegongwa kwenye ukingo wa juu wa kichwa, ule unaotazama dari gitaa likisimama, na mara nyingi imezibwa na rangi au uchafu. Pitisha tochi kwa pembeni, usikwangue. Herufi C mbele ya namba ndiyo ya Duolian, S ndiyo ya Style O, na kwenye Triolian utakuta P au W mwishoni. Tafadhali: C si Chicago. Duolian zenye C zilikuwa zinatoka Los Angeles miaka mingi kabla kiwanda hakijahama. Na S si "silver". Nimeliandika hili mara nyingi kiasi kwamba ningekuwa na mhuri wake.

Majedwali ya namba yanayozunguka mtandaoni yamekusanywa na wapenzi wa magitaa kwa kulinganisha vyombo vilivyobaki. Si daftari la kiwanda. Mimi nayatumia kila wiki, lakini jedwali likisema 1932 nasoma "kati ya 1931 na 1933", na anayekupa hadi mwezi anakupamba. Dobro za Regal mara nyingi hazina namba yoyote, kwa hiyo huko jedwali halina la kusema.

Kinachonisaidia kuliko namba ni mwili wenyewe. Shingo inakutana na mwili kwenye freti ya ngapi? National zilikuwa za freti 12 mpaka 1934 hivi, kisha zikaja za freti 14 zenye mwili uliofupishwa. Tazama pia kingo za matundu ya f: za mwanzo zimekatwa bapa, na kuanzia 1933 hivi kingo zimekunjwa kwa ndani. Pitisha kidole taratibu, utaona tofauti, zile bapa zinakwaruza. Ikiwa namba inadai 1936 na kingo ni bapa kwenye shingo ya freti 12, kuna kitu hakikai sawa. Inaweza kuwa shingo ya gitaa lingine. Inaweza pia kuwa kiwanda kilikuwa kinamalizia miili iliyobaki ghalani, jambo walilolifanya bila aibu, na hapo wajuzi wawili waaminifu watakupa miaka miwili tofauti. Mimi mwenyewe nimewahi kubadili jibu.

Kwa upande wa Dobro, umbo la kushangaza kuliko yote ni lile la jicho moja, lenye tundu moja la mviringo lenye wavu badala ya mawili. Lilitengenezwa muda mfupi, 1932 na 1933. Likikupitia mkononi, usiliuze kwa haraka.

Nakala za kisasa zinajitoa zenyewe. Skrubu za nyota: aina hiyo iliingia viwandani Marekani mwaka 1936, kwa hiyo kava la Duolian ya 1931 linalohitaji bisibisi ya nyota limebadilishwa skrubu au si la 1931. Ukiona nati ya kurekebisha fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, iwe kichwani chini ya kifuniko kidogo au ndani ya mwili, funga mjadala. Magitaa haya ya kabla ya vita hayakuwa na fimbo ya kurekebishwa. Mashine za kukazia zilizofungwa pande zote kama kijisanduku, vilevile, ingawa hizo hubadilishwa na mafundi. Nikeli ya zamani ina rangi ya joto, inafifia na kuwa ya maziwa pale mkono unapolala. Kromu inang'aa kwa ubluu. Kromu safi kwenye kila kona mara nyingi ni upya wa gitaa au upya wa mchovyo, na mchovyo mpya unakata bei vibaya.

Rangi ya Duolian ni jambo jingine. Ile ya asili ina chembe kama barafu iliyoganda kwenye kioo. Watu huipaka upya kwa rangi laini ya gari na kusema "imetunzwa". Angalia ndani ya tundu la f na chini ya kava, ambako bomba la rangi halikufika.

Ukinitumia picha, nataka sita: kichwa mbele, kichwa juu kwenye ukingo, mahali shingo inapoungana na mwili, tundu la f kwa karibu, koni ikiwa wazi, na skrubu moja ya kava iliyokuzwa. Sebule nzima siihitaji.