Kadi ya bangi ya tiba Pennsylvania: maswali ya kujiuliza kabla ya kuomba

Pennsylvania iliruhusu bangi kwa ajili ya tiba mwaka 2016, gavana Tom Wolf alipotia saini Sheria Namba 16, na maduka yakaanza kuuza mapema 2018. Wengi wetu tunaoishi Erie, Lancaster, Pittsburgh au Harrisburg tumeisikia habari hii kwa jirani au mfanyakazi mwenzetu: jaza fomu, ongea na daktari kwa simu, kadi inakuja kwa posta. Ni kweli, ndivyo ilivyo. Lakini jirani aliyezaliwa Marekani hana sababu ya kujua kadi hiyo inaweza kuyafanya nini makaratasi ya mtu asiye raia. Kama una haraka, nenda moja kwa moja kwenye swali la uhamiaji.

Nani anastahili kupata kadi?

Mkazi wa Pennsylvania mwenye ugonjwa ulio kwenye orodha ya jimbo. Orodha ina magonjwa zaidi ya 20. Yamo saratani, VVU, kifafa, selimundu, glakoma, Parkinson, usonji, na maumivu makali ya kudumu. Imo pia PTSD, yaani ile hali ya mtu aliyepitia vita au ukatili kuendelea kuota na kushtuka miaka mingi baadaye. Matatizo ya wasiwasi uliopita kiasi yaliongezwa 2019.

Kisukari na presha peke yake havimo. Hata hivyo, mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na kisukari, ile inayochoma nyayo usiku, inaweza kukuingiza kwenye orodha.

Je, bangi inaponya magonjwa hayo?

Haiponyi. Kwa baadhi yake hupunguza dalili. Mwaka 2017 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilipitia tafiti nyingi na kuona ushahidi mzuri katika mambo machache tu: maumivu ya kudumu kwa watu wazima, kichefuchefu cha dawa za saratani, na kukakamaa kwa misuli kunakoripotiwa na wagonjwa wa multiple sclerosis, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo. Ugonjwa kuwa kwenye orodha ya jimbo ni uamuzi wa kisheria, si uthibitisho kwamba bangi itakufaa. Mwenye selimundu asiache dawa yake ya hydroxyurea, na mwenye VVU asiache ARV zake, kwa sababu ya kadi.

Hatua zenyewe ni zipi?

Kwanza unajisajili kwenye tovuti ya Idara ya Afya ya Pennsylvania, ukitumia leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo. Jina na anwani vilingane na vilivyo kwenye kitambulisho. Ukiwa umehama, badilisha anwani kwanza, maana hapo ndipo watu wengi hukwama.

Kisha unaonana na daktari aliyesajiliwa na jimbo kwa kazi hiyo. Si kila daktari anaruhusiwa, ni lazima awe amepata mafunzo maalumu. Anaweza kukuona ana kwa ana au kwa video. Mpe rekodi za ugonjwa wako. Hakuandikii cheti cha dawa kama cha amoksilini, bali anathibitisha kwa jimbo kwamba ugonjwa wako umo kwenye orodha. Akishathibitisha, unarudi kwenye akaunti yako, unalipa ada, na kadi inatumwa nyumbani.

Omba mkalimani. Daktari asiyeelewa maumivu yako kwa sababu ya lugha hawezi kukupima sawasawa, na mtoto wako wa shule hapaswi kubebeshwa kazi ya kutafsiri mazungumzo haya.

Inagharimu kiasi gani?

Ada ya jimbo ni dola 50 kwa mwaka, na walio kwenye mipango ya msaada kama Medicaid, WIC au fudi stempu wamewekewa nafuu. Daktari ana bei yake mbali. Dukani unalipa mwenyewe, kwani bima hailipii bangi. Kadi inahitaji kufanywa upya kila mwaka. Kuotesha mmea nyumbani ni kosa hata ukiwa na kadi, na sheria hairuhusu kuvuta sigara ya bangi. Kuna matone, vidonge, mafuta ya kupaka na mvuke.

Mimi si raia. Naweza kuomba?

Sheria ya jimbo haikuzuii. Sheria ya uhamiaji ndiyo inayoweza kukuumiza. Uhamiaji ni kazi ya serikali kuu, na kwa serikali kuu bangi iliyonunuliwa kwa kadi ya jimbo bado inahesabiwa kama kosa la dawa za kulevya. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo ulio wazi: kutumia bangi, hata mahali ambapo jimbo limeruhusu, kunaweza kumfanya mwombaji wa uraia aonekane hana mwenendo mwema.

Mwenye grini kadi naye ana hatari yake. Si lazima ukamatwe na polisi. Kukiri tu mbele ya afisa, kwenye mahojiano au uwanja wa ndege unaporudi kutoka Nairobi au Dar es Salaam, kunaweza kutumika kukuzuia kuingia. Kudanganya nako ni kosa lingine, tena kubwa. Kwa hiyo mwenye grini kadi, mkimbizi, mwomba hifadhi, au mwenye visa azungumze na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuanza usajili. Mashirika mengi yanayopokea wakimbizi yanaweza kukuelekeza kwa mwanasheria wa bei nafuu au wa bure.

Nasisitiza hili kwa sababu daktari anayetoa uthibitisho hana wajibu wa kukuuliza hadhi yako, na muuza duka haimhusu. Hakuna mtu katika mlolongo huo atakayekuonya.

Anayeishi kwenye nyumba inayolipiwa na serikali kuu, kama ile ya Section 8, aulize pia, kwa kuwa kanuni zake zinafuata sheria ya serikali kuu.

Naendesha lori. Kadi itanilinda kazini?

Hapana. Dereva mwenye leseni ya CDL, ile ya magari makubwa ya biashara, hupimwa kwa kanuni za usafirishaji za serikali kuu, na kanuni hizo hazikubali bangi ya tiba kama sababu. Ukipimwa ukakutwa nayo, unaondolewa barabarani. Kwa kazi nyingine, Sheria Namba 16 inamkataza mwajiri kukufukuza kwa sababu tu una kadi, lakini haimlazimishi kukuvumilia ukiwa umelewa kazini.

Kwa gari lako mwenyewe pia jihadhari. Sheria ya Pennsylvania ya udereva imekuwa ikiadhibu kiasi chochote cha bangi kwenye damu, na bangi hubaki mwilini siku nyingi baada ya ulevi kuisha.

Mtoto wangu ana kifafa. Yeye je?

Aliye chini ya miaka 18 hupata kupitia mzazi au mlezi, ambaye huchunguzwa rekodi zake na kupewa kadi ya mwangalizi. Lakini anza kwa daktari wake wa neva. Kwa aina fulani kali za kifafa, kama Dravet na Lennox-Gastaut, kuna dawa ya CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, iitwayo Epidiolex iliyoidhinishwa 2018. Inaandikwa kwa cheti cha kawaida na kuchukuliwa famasi.

Nani asitumie kabisa?

Mjamzito na anayenyonyesha. Pia mtu ambaye yeye au ndugu yake wa damu amewahi kuugua akili kiasi cha kusikia sauti, maana THC, kemikali ya bangi inayolevya, inaweza kuamsha hali hiyo, hasa kwa vijana. Anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, amwambie daktari wake, kwani bangi inaweza kuongeza nguvu ya dawa hiyo na kusababisha kutokwa damu.

Mwanasheria amenikataza. Nibaki na maumivu?

Usibaki nayo. Omba rufaa kwa kliniki ya maumivu. Kuna dawa za mishipa ya fahamu, sindano za kutuliza kiungo, na mazoezi ya tiba. Kwa kichefuchefu cha dawa za saratani kuna dronabinol, ambayo ni THC ya maabara iliyoidhinishwa tangu 1985 na huandikwa na daktari kama dawa nyingine. Tunza cheti na risiti ya famasi pamoja na makaratasi yako ya uhamiaji.